Nilipewa farasi badala ya kiinua mgongo. Mwaka wa 4 huu, niulizeni

Fundi Kwato (mwanzisha uzi), Jumamosi saa 8:10 mchana

Wakuu, habari za mchana.

Juzi kwenye uzi wa mifugo kuna mdau kaandika kwamba Dar hakuna mswahili anayefuga farasi, labda wazungu na polisi. Sikutaka kubishana kule nikaharibu uzi wa watu wa mbuzi, kwa hiyo nafungua wangu. Mimi ni mswahili, nakaa Gezaulole huku Kigamboni, na nyuma ya nyumba yangu kuna farasi jike wa miaka 20.

Ilikuwaje. Kuanzia 2013 nilikuwa namtunzia bosi mmoja farasi wake 4. Kazi sikuisomea, niliingia pale kama mkata majani. 2021 bosi akaamua kurudi kwao. Farasi 3 wakapata wanunuzi, wakapanda Fuso wakaenda zao. Wa 4 hakuna aliyemtaka, umri umeenda na goti la kulia lina kinundu. Siku ya kuagana nimeoga, nimevaa shati la pasi, nasubiri bahasha yangu ya miaka 8. Bosi akanikabidhi kamba. Mwisho wa kamba alikuwepo Duchess.

Akasema huyu ni wako, na tandiko lake, na hatamu zake, na kijitabu chake cha chanjo. Bahasha haikuwepo.

Nikatembea kilomita 6 kwa mguu, nikiongoza kiinua mgongo chenye mgongo. Nafika nyumbani mke wangu anaanika nguo. Akamtazama farasi, akanitazama mimi, akaendelea kuanika. Hakuniuliza kitu hadi usiku.

Lile jina la kizungu mtaani halikukaa. Watoto walilikata wakabaki na "Dachi", na sasa kuna wazee wanaamini kabisa ni farasi wa Kijerumani.

Watu wakisikia una farasi wanadhani raha yake ni kupanda. Mimi nampanda mara 2 kwa wiki, nusu saa, goti lile haliruhusu makubwa. Raha yenyewe ni saa 11 alfajiri. Natoka na tochi, sijagusa hata komeo, namsikia ndani anaguna. Si ule mlio wa kwenye sinema. Ni mguno mdogo wa kifuani, pua zinatikisika kidogo tu. Ananigunia mimi. Akitoka mke wangu, kimya. (Mke wangu anasema ni kwa sababu mimi ndiye mwenye ndoo ya pumba, na sina jibu la kumpa.)

Halafu kwato. Unasimama begani mwake umeelekea mkiani, unateremsha mkono nyuma ya mguu, unaminya kidogo, anaunyanyua mwenyewe. Mnyama wa kilo 400 na ushee anakupa mguu kama mtoto anayevuliwa kiatu. Unachokoa mchanga na mavi kwa kichuma, unafuata mfereji kando ya ile nyama ya pembetatu katikati ya ukwato, kisha unanusa. Ndiyo, unanusa. Masika ukikuta harufu ya kuoza na uji mweusi, ujue sakafu ya banda lako haikauki. Miguu 4, dakika 10. Muda wote huo yeye kaniwekea pua mgongoni, ananipulizia pumzi ya moto kwenye shati.

Niulizeni. Ila ikifika saa 12 kasoro jioni huwa naondoka, mtaelewa baadaye.

Mkaanga Chipsi

"Kiinua mgongo chenye mgongo" 😂😂 Mkuu umenimaliza. Mimi nilipewa cherehani mbovu. Nimekaa paleee na sahani yangu.

Hesabu Kali

Mkuu pole na hongera kwa pamoja. Lakini tuongee kama watu wazima. Boda inakunywa mafuta ikiwa kazini tu, ukiizima imezimika. Huyo wako hata akiwa hana kazi anakula. Miaka 8 ya jasho halafu unaongezewa mdomo wa kulisha? Mimi ningemuuza wiki ile ile, hata kwa bei ya kutupa. Hebu weka gharama hapa, usifiche.

Fundi Kwato

Hesabu Kali, sifichi.

Farasi anakula chakula kikavu kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku. Sasa uzito utaupataje na mizani huna? Futi ya fundi cherehani. Unazungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kipimo hicho unakizidisha kwa chenyewe, unazidisha tena kwa urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi takoni, unagawa kwa 11,880. Ukipima kwa sentimita, jibu linakuja kwa kilo. Tatizo futi ya cherehani inaishia 150 na Dachi kifua chake ni 175, ikabidi niunganishe futi mbili kwa uzi. Fundi ananidai futi zake mpaka leo. Urefu ni 160. Pigeni wenyewe, inakuja kama 412.

Kwa hiyo ni kilo 8 na kidogo za nyasi kavu kila siku. Majani mabichi nakata mwenyewe, yanapunguza marobota ya kununua. Pumba ya ngano kidogo, jiwe la chumvi la kulamba, karoti zilizovunjika za sokoni. Maji ndoo 2 za lita 20, joto la Februari ndoo 3. Kwa pesa, mwezi wa mvua kama laki na nusu, kiangazi inagonga laki 3. Chanjo, dawa ya minyoo na daktari viko nje ya hapo.

Anaingiza? Kidogo. Bwana harusi wa Kihindi akienda kumchukua bibi harusi hupanda farasi, na desturi yao ni jike. Nimeitwa Upanga mara kadhaa. Wangependa mweupe, wangu ni wa kahawia, ila kwa Dar hii huna pa kuchagua. Tunavuka Daraja la Nyerere akiwa ndani ya Fuso. Mara ya kwanza kijana wa getini alichungulia, akarudi kibandani, akaja na mwenzake, wakachungulia wote wawili, mwisho wakatoza Fuso.

Shangazi wa Mbagala

Mwanangu, mimi farasi wa mwisho kumwona ni wa polisi, Coco Beach, sikukuu ya Idi. Walipita wawili, watu wote kimya, hata wale vijana wa fujo. Mjukuu wangu akang'ang'ania kumshika mmoja mkia, nikamvuta kwa sikio. Nilimwonea?

Fundi Kwato

Shikamoo shangazi. Hukumwonea hata kidogo. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbili: hapo mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma ya mkia. Ukimtokea mkiani hajui wewe ni mjukuu au chui, na teke halisubiri maelezo. Siku nyingine mwambie aje usawa wa bega, aongee akija, ampe kiganja kilichokunjuliwa anuse. Shingo ndiyo ya kushika, si uso.

Halafu huyu mnyama na ukubwa wake wote ni mwoga kuliko kuku. Dachi adui yake alikuwa rambo, ile mifuko ya plastiki. Rambo nyeusi ikinasa kwenye michongoma ikapepea, anaganda, masikio yote mbele, na wewe uliye juu unausikia moyo wake ukigonga ndani ya magoti yako. Tangu mifuko ile ipigwe marufuku 1 Juni 2019 maisha yake yamekuwa mepesi. Siku hizi kabakiwa na turubai za bajaji tu.

Daktari wa Ng'ombe

Habari wadau. Mimi ni daktari wa mifugo, nimetokea SUA, kile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jina langu hapa linasema kweli, kazi yangu kubwa ni ng'ombe, ila farasi wachache nimewashika.

Fundi, hiyo pumba unanunua wapi, na mashine hiyo inasaga nini kingine? Naomba wote mnisome hapa. Chakula cha kuku mara nyingi kinachanganywa na dawa ya kuzuia kuhara damu, na mojawapo inaitwa monensini. Kuku anaivumilia. Ng'ombe pia, kwa kipimo chake. Farasi, kiasi kidogo tu kinaua misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kugeuza hali. Kwa hiyo mashine iliyotoka kuchanganya chakula cha kuku, haikusafishwa, ikaingia pumba yako, umemaliza. La pili ni mahindi ya ukungu. Kuna kuvu humo anatoa sumu inayoozesha ubongo wa farasi. Mtu anakwambia "haya ya kutupa, mpe farasi". Usimpe.

Kwenye magonjwa, hofu yangu ya kwanza ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hauambukizwi kwa kugusana, unaletwa na usubi. Punda milia anaubeba na wala haumwi, punda wa kawaida anaumwa kidogo au haumwi, farasi asiye na chanjo anaweza kuondoka ndani ya siku chache, povu linamtoka puani. Akivimba juu ya macho usisubiri kesho. Pili, mbung'o na ugonjwa anaouleta, nagana. Ukiona homa za kuja na kuondoka, anakonda na anakula, mtume mtu na damu yake Maabara ya Veterinari pale Temeke wapime, usibahatishe sindano. Tatu ni pepopunda. Neno letu lenyewe lina punda ndani, lakini kati ya mifugo hakuna anayeshikwa nao kirahisi kama farasi. Msumari mmoja wa kutu uliodondoshwa na fundi ujenzi unatosha.

Fundi Kwato

Dokta, asante sana. Pumba nachukua kwa jamaa wa ngano tupu, ila hilo la mashine nitakwenda kumuuliza tena Jumatatu, umeniogopesha.

Na hao usubi ndio wanaoniondoa hapa kila jioni. Wanaanza kuuma jua likizama, wanarudi tena alfajiri. Saa 12 kasoro lazima Dachi awe ndani. Banda nimelizungushia chandarua cha matundu madogo sana, kile cha kawaida usubi anapita kama hakipo. Na nimemwekea feni la kusimama, maana usubi kwenye upepo hawezi kuruka.

Naenda kumfungia. Nitarudi.

Mkaanga Chipsi

Farasi analala na chandarua NA feni. Mimi nina feni linaloangalia ukutani.

Halafu ni kweli wanalala wamesimama?

Binti Kondoa

Nacheka tu. Kwetu nimekua na punda 5. Punda analala nje, anaumwa na kila mdudu, asubuhi anakwenda kuteka maji kilomita kadhaa, jioni mzigo wa kuni. Kimya. Hamumwandikii uzi. Akizeeka watu wanasema shukrani ya punda ni mateke! Shukrani ya nani hasa, mmemfanyia nini?

Fundi simaanishi wewe. Ila swali la kweli: nikikuletea dume langu la punda, Dachi anazaa?

Daktari wa Ng'ombe

Anazaa nyumbu. Si yule nyumbu wa Serengeti, Kiswahili kimewapa wawili jina moja. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto anapata 63, na ndiyo maana yeye mwenyewe kwa kawaida hazai. Ila kwa miaka 20 na mimba ya miezi 11, dada, mwache bibi wa watu apumzike.

Fundi Kwato, saa 3:40 usiku

Nimerudi. Binti Kondoa, nimekula mateke yako yote, unastahili kusema.

Mkaanga, ni kweli wanalala wamesimama, miguu inajifunga yenyewe hawaanguki. Ila usingizi mzito kabisa, ule wa ndoto, lazima walale chini, na hawalali chini mahali wasipopaamini. Dachi alipofika kwangu wiki 3 nzima hakulala chini. Nilikuwa namchungulia usiku, kasimama tu kaegemeza mguu mmoja. Siku moja alfajiri mke wangu akaja kuniamsha taratibu kabisa, kwa sauti ya msibani: "Baba Asha, amka. Kiinua mgongo chako kimekufa."

Nikatoka mbio bila ndala. Dachi kalala ubavu, miguu yote kainyoosha, mdomo wa chini umelegea mchangani. Anakoroma. Kwato za mbele zinachezacheza kama anakimbia mahali. Tulisimama pale na mke wangu, mimi kifua wazi, yeye na kanga, hatukuongea. Nadhani ndiyo siku mke wangu alipompokea, maana asubuhi ile ile alianza kumwita kwa jina.

Kuna mtu kaniuliza inbox siku mbaya kuliko zote. Nitaieleza hapa hapa, inaweza kumsaidia mtu.

Aprili 2023. Mvua imepiga siku mbili, nimerudi jioni nimechoka, nikamwagia nyasi zake chini badala ya kwenye pipa. Kwa kweli nilikuwa nafanya hivyo mara nyingi. Saa 3 usiku nasikia anapiga ukuta teke. Natoka, anageuka kuangalia ubavu wake, anachimba chini kwa mguu, analala, anaamka, anabingirika. Jasho. Nikaweka sikio ubavuni. Tumbo la farasi mzima lina kelele muda wote, kama mtu anakokota mapipa ghorofa ya juu. Upande wa kushoto kimya. Kulia kimya.

Msokoto wa tumbo. Na farasi hawezi kutapika, jamani. Kilichoingia kina mlango mmoja tu wa kutokea. Nikampigia daktari, yuko Mbezi, mvua, foleni, akaniambia nitafika, wewe muondolee chakula chote, mtembeze asibingirike. Nikatembea naye uani kuanzia saa 3 na nusu. Mke wangu akashika taa. Saa 5 mke wangu akashika kamba mimi nikashika taa. Daktari kafika saa 7 usiku, kalowa, kampiga sindano ya maumivu, kapitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina maji na mafuta, lita na lita. Kisha akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono kwa nyuma, akatoa mavi kidogo, akayatia kwenye ndoo ya maji. Tukangoja. Akamwaga maji taratibu akanionyesha chini ya ndoo: mchanga. Mweupe, msafi, kama wa pale ufukweni. Kumbe kila nyasi aliyookota chini huku kwetu Kigamboni alikuwa anaokota na ardhi yenyewe, kidogo kidogo, miezi na miezi.

Saa 11 alfajiri, wakati wa mguno wake, akanya. Tonge 7, nilizihesabu. Mke wangu alipiga kigelegele, majirani wakadhani kuna mtu kajifungua.

Tangu siku hiyo hali chini hata unyasi mmoja. Nimekata pipa la plastiki, nimelisimamisha juu ya mkeka wa mpira. Na kila Jumapili nafanya kile kipimo cha ndoo.

Daktari wa Ng'ombe

Huyo mwenzangu aliyekuja na mvua apewe soda. Nyongeza ndogo kwa wasomaji: farasi aliyetulia moyo unapiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, unapimia chini ya taya, kuna mshipa unateleza kwenye mfupa. Ukipiga simu ukaniambia "anapiga 60 na zaidi" nitaendesha kwa kasi tofauti na ukiniambia "dokta anaumwa".

Jirani wa Mtaa wa Pili, Jumapili asubuhi

Mwandishi namjua, nimemtambua kwa hayo mapipa. Nasema mbele ya watu: mwaka wa kwanza nilikwenda kumshitaki serikali ya mtaa kwa ajili ya nzi. Mjumbe akaja, akapiga picha na farasi, akaondoka. Kesi ikaishia hapo.

Ila tuseme na haki. Mke wake akaanza kuyarundika yale mavi, kuyafunika, kuyageuza, baada ya miezi kadhaa anauza kwa viroba kwa watu wa mchicha bondeni. Nzi wakapungua. Mimi mwenyewe nanunua, na bei kapandisha mwezi uliopita bila taarifa.

Fundi Kwato

Jirani, shikamoo 😂 Bei muulize mwenye biashara. Mimi natoa malighafi tu, kilo 15 mpaka 20 kwa siku, na hanipi hata senti.

Hesabu Kali

Kumbe kuna kipato cha mbolea mlikificha. Nimepiga upya, bado boda inashinda. Sibadilishi.

Lakini huko ufukweni mnatembeaje? Binti yangu ana miaka 9, kasoma uzi wote huu juu ya bega langu.

Fundi Kwato

Kwa miaka 9 ni kamili. Njoo naye maji yakiwa yametoka, mchanga uliolowa ni mgumu kidogo na haumchoshi goti. Suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole, kofia ngumu ninayo. Ataanza kwa kutembea, nimeshika kamba. Akizoea, tutajaribu ule mwendo wa kurukaruka, wazee wa pwani wanauita matiti, na Mkaanga Chipsi usianze. Shoti haipo, si kwa goti lile.

Ila kwanza atamsafisha kwato zote 4. Akikubali kunusa, atapanda.

Mkaanga Chipsi

Nilikuwa sijasema chochote mimi.

Shangazi wa Mbagala

Fundi, na mjukuu wangu je? Na mimi nije, au nimezidi uzito?

Fundi Kwato

Shangazi njoo, ila nitakuja na futi ya cherehani 😂 Mjukuu mlete Jumamosi ijayo, nitaangalia maji yanatoka saa ngapi kisha nikuandikie. Samahani nakatisha, saa 12 kasoro hii, na umeme umekatika, feni halizunguki.